Msimbo unaoshinda nadharia kwa dB 3: pa kutazama kwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, na utafiti wangu unahusu misimbo ya kurekebisha makosa katika mawasiliano yasiyo na waya. Nimetengeneza simulesheni ya BPSK (kila biti inatumwa kama +1 au −1) kwenye chaneli yenye kelele ya Gauss, na mstari usio na msimbo unakaa vizuri juu ya nadharia. Nilipoweka msimbo wa Hamming (7,4), unaogeuza biti 4 za ujumbe kuwa 7, ambao programu yake niliiandika mwenyewe, nikakuta kwamba chini ya dB 6 msimbo unaleta makosa mengi kuliko kutosimba kabisa. Kwa msimbo wa konvolusheni wa K=7 (kila biti inayotoka inategemea biti 7 za karibuni za ujumbe), kiwango 1/2 (biti moja ya ujumbe inatoka kama mbili), na kisimbuzi cha Viterbi nilichochukua kwenye maktaba ya programu, nimepata faida ya dB 8, yaani makosa yale yale kwa nishati iliyopungua dB 8. Msimamizi wangu amesema haiwezekani, akaishia hapo. Kila pointi ya grafu natuma biti 100,000, na mistari inakatika ghafla upande wa chini. Nikihamia chaneli ya Rayleigh, ambako mawimbi hufifia na kurudi ovyo, msimbo ule ule ni kama haupo. Nianze kurekebisha wapi?

Jibu: Marahaba. Usiguse kisimbuzi kwanza. Wanafunzi wengi hupoteza wiki nzima wakifukua ndani ya Viterbi, kumbe tatizo liko kwenye mstari mmoja wa programu unaokokotoa ukubwa wa kelele. Na katika hayo uliyoyataja, lile linaloonekana baya kuliko yote, yaani Hamming kushindwa na kutosimba, si kosa hata kidogo. Programu yako ya Hamming iko sawa.

Fuata hesabu. Biti 4 za ujumbe zinasafiri kama biti 7, lakini nishati uliyonayo ni ya biti 4 tu. Kila biti inayopanda hewani inabeba 4/7 ya nishati ambayo ingebeba bila msimbo, yaani imepungukiwa na dB 2.43. Chukua Eb/N0, yaani nishati ya biti moja ya ujumbe kulinganisha na kelele, ya dB 4. Bila msimbo, uwezekano wa biti kukosewa ni 0.0125. Ukisimba, biti zinazofika kwenye kipokezi zinakosewa kwa uwezekano wa 0.045, karibu mara nne. Kisimbuzi kinafanya kazi yake na kushusha idadi hiyo hadi takriban 0.016, lakini 0.016 bado ni kubwa kuliko 0.0125. Kwenye dB 6 pande zote mbili zinakutana karibu na 0.0023 au 0.0024. Kwenye dB 7 msimbo unaanza kulipa: 0.0006 dhidi ya 0.0008. Hapo ndipo ulipoona mistari inapishana, na ndipo inapopaswa kupishana.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho ukichapisha neno moja moja. Hamming (7,4) hurekebisha kosa moja ndani ya biti 7. Yakiwa mawili, sindromu (matokeo ya ukaguzi yanayoonyesha biti iliyokosewa) inaelekeza kidole kwenye biti ya tatu isiyo na kosa lolote, kisimbuzi kinaigeuza, na makosa mawili yanakuwa matatu. Kelele ikiwa kubwa, maneno yenye makosa mawili huwa mengi, hivyo kisimbuzi kinazidi kuharibu. Liandike hilo kwenye tasnifu yako waziwazi, tena kwa takwimu; mtahini anayejua mambo atafurahi kukuta mwanafunzi hakuuficha ule upande wa kushoto wa grafu.

Ukitaka Hamming ifanye vizuri zaidi, acha uamuzi mgumu. Badala ya kukata kila sampuli kuwa 0 au 1 kabla ya kusimbua, chukua sampuli saba kama zilivyo, zilinganishe na maneno yote 16 ya msimbo kwa kuzidisha na kujumlisha, kisha chagua neno lenye jumla kubwa kuliko yote. Kwa uamuzi mgumu, faida ambayo msimbo huu unaikaribia kelele inapopungua sana ni dB 0.58 tu. Kwa uamuzi laini ni dB 2.34. Maneno 16 si mzigo kwa kompyuta yoyote.

Sasa dB 8. Msimamizi wako yuko sahihi, na kuna namna mbili za kulithibitisha kabla hata ya kufungua programu. Msimbo wa K=7 wenye polinomia 133 na 171 kwa hesabu ya msingi wa nane, ambao ndio karibu kila maktaba inautumia, una umbali huru wa 10, yaani mifuatano yake miwili inayokaribiana zaidi hutofautiana kwa biti 10. Kiwango kikiwa 1/2, kikomo cha faida yake kwa uamuzi laini ni logi ya 5 mara 10, yaani dB 6.99, na kikomo hicho hukaribiwa tu makosa yanapokuwa machache mno. Kwenye kosa moja kati ya biti 100,000, faida halisi ni kama dB 5. Pili, BPSK bila msimbo hufikia kiwango hicho cha makosa kwenye dB 9.6. Ukiondoa 8 unabaki na dB 1.6. Mwaka 1993 Berrou, Glavieux na Thitimajshima walipotangaza misimbo ya turbo inayofika hapo kwenye dB 0.7, walitumia kichanganyaji (kifaa cha kupangua mpangilio wa biti) cha biti 65,536 na mizunguko 18 ya kusimbua. Kisimbuzi cha Viterbi chenye hali 64 hakikaribii eneo hilo.

Toa 5 kwenye 8, unapata 3. Tofauti ya dB 3, au karibu yake, kila inapojitokeza kwenye utafiti wa mawimbi, mtuhumiwa wa kwanza ni namba 2 iliyosahaulika mahali fulani. Kwako kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni kiwango cha msimbo. Ukituma alama za +1 na −1, mkengeuko sanifu wa kelele unatakiwa kuwa

σ = √( 1 / (2 · R · Eb/N0) )

ambapo R ni kiwango cha msimbo na Eb/N0 imeshatolewa kwenye desibeli, yaani 10 kwa kipeo cha dB gawa kwa 10 (si gawa kwa 20, kosa jingine la kawaida). Kwa dB 4 na R=1/2, σ ni 0.631. Ukisahau R, σ inatoka 0.446. Weka amri moja ya kuchapisha σ kabla ya kila pointi ya grafu. Ukiona 0.446, umempata.

Mshukiwa wa pili ni ile 2 nyingine, ya N0/2. Kelele ya Gauss ina N0/2 kwa kila upande, upande halisi na upande wa kufikirika. Baadhi ya fankisheni za maktaba zinazoongeza kelele hupokea uwiano wa nguvu ya mawimbi kwa nguvu ya kelele, kisha hutenda tofauti kulingana na ulichowapa: wakipata namba changamano wanagawa kelele pande mbili, wakipata namba halisi wanaiweka yote upande mmoja. Ukiwapa BPSK kama namba halisi, uwiano unaowapa lazima uongezwe dB 3.01, la sivyo mstari wako utasogea kulia. Kwako mstari usio na msimbo unakaa juu ya nadharia, kwa hiyo huyu hayumo, na anayebaki ni R. Nadhani ilitokea hivi: kwenye programu yako ya Hamming uliweka 4/7 kwa mkono, lakini ulipounganisha vipande vya maktaba kwa ajili ya Viterbi ukaipa fankisheni ya kelele ile Eb/N0 ghafi.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda kuliko yote kwa kukagua hesabu ya nishati, nalo halihitaji kisimbuzi cha maana. Tumia msimbo wa kurudia: tuma kila biti mara 3, na kwenye kipokezi jumlisha sampuli tatu kabla ya kuamua. Kwenye chaneli ya Gauss msimbo huu hauna faida wala hasara. Unapoteza dB 4.77 kwa kugawa nishati mara tatu, na unarudishiwa dB 4.77 ile ile kwa kujumlisha. Mstari wake lazima ulale juu ya mstari usio na msimbo, uwe ule ule. Ukiuona umesogea kushoto kwa dB 4.77, R haimo kwenye σ. Ukisogea kulia, aidha umegawa mara mbili, aidha unakata sampuli kuwa 0 na 1 halafu unapiga kura, na huo ni uamuzi mgumu, unaopoteza. Usiendelee na msimbo mwingine wowote mpaka mistari hiyo miwili ilaliane.

Ukishapita hapo, Viterbi itakaa mahali pake. Bado itakubidi uangalie mambo matatu madogo. Kwanza, kisimbuzi kinapokea nini. Maktaba nyingi zina chaguo la uamuzi mgumu na laini, na chaguo la kawaida linaweza kuwa gumu. Tofauti yake ni kama dB 2. Kuna pia chaguo la sampuli zilizopangwa katika ngazi 8, yaani biti 3 kwa sampuli, ambalo hupoteza takriban robo ya dB tu, ndiyo maana vifaa halisi hulitumia. Pili, ishara. Kama kwako biti 0 ni +1 na kwa kisimbuzi biti 0 ni −1, karibu biti zote zitatoka zimegeuzwa hata kelele ikiwa sifuri, kwa sababu kinyume cha neno la msimbo huu wa 133 na 171 nacho ni neno lake. Hilo ni rahisi kuligundua: endesha bila kelele, makosa lazima yawe 0 kamili. Tatu, umbali wa kurudi nyuma kabla ya kutoa uamuzi. Kanuni inayotumika ni mara 5 ya K, yaani hatua 35 kwa K=7, na zaidi ya hapo kama umetoboa msimbo, yaani umeacha kutuma baadhi ya biti zake, ili kupandisha kiwango. Kisimbuzi kinachofanya kazi mfululizo hutoa biti zikiwa zimechelewa kwa hatua hizo. Usipozisogeza kabla ya kulinganisha, utahesabu makosa yasiyokuwepo.

Biti za mkia nazo zina bei. Kufunga fremu kwa sifuri 6 kunafanya biti 100 za ujumbe zitoke kama biti 212, siyo 200. Kiwango halisi ni 100/212, na dB 0.25 imekwenda. Kwa fremu ya biti 1,000 upotevu ni dB 0.03, unaweza kuupuuza, lakini sema kwamba umeupuuza.

Kuhusu biti 100,000 kwa kila pointi. Ukitafuta kiwango cha kosa 1 kati ya 100,000, unatarajia kuona kosa moja kwa wastani, na kuna uwezekano wa asilimia 37 usione lolote. Ukipata sifuri, mhimili wa logi hauwezi kuichora, na programu ya grafu inaiacha kimyakimya. Ndiyo maana mistari yako inakatika. Wengine huona mkato huo wakaandika kwamba "msimbo umeondoa makosa yote baada ya dB 5". Hapana. Sifuri katika biti n inakuruhusu kusema tu kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango cha makosa hakizidi 3/n. Kwa biti 100,000 hiyo ni 0.00003.

Geuza utaratibu: usiweke idadi ya biti, weka idadi ya makosa. Endelea kutuma hadi upate makosa 100 yasiyotegemeana, au ufikie ukomo wa muda uliojiwekea. Makosa 100 yanakupa mkengeuko wa kama asilimia 10, na mpaka wa uhakika wa asilimia 95 unaokaribia asilimia 20 kila upande. Kwa mstari unaoshuka kwa kasi hiyo haionekani hata kwenye karatasi. Lakini angalia neno yasiyotegemeana. Viterbi ikikosea hukosea kwa mafungu: inapotea njia, inatoa biti kadhaa mbovu, kisha inarudi. Biti 100 mbovu huenda ni matukio 20 tu, na 20 yanakupa mkengeuko wa asilimia 22. Kwa hiyo hesabu fremu mbovu 100, siyo biti mbovu 100. Kwa kiwango cha 0.00001, jiandae kutuma biti milioni 10 na kuendelea.

Hapo kasi itakuwa kero, na watu hukimbilia kugawa kazi kwenye viini vingi vya kompyuta. Ni sawa, ila hakikisha kila kiini kimepewa mbegu yake ya namba nasibu. Viini 8 vyenye mbegu moja vinafanya kazi ile ile mara 8. Utaona makosa 100 na kushangilia, kumbe ni 12 au 13 yaliyonakiliwa. Ishara yake ni kwamba jumla ya makosa kila mara inagawanyika kwa 8 bila baki. Na kuna njia ya mkato ya kutuma neno la sifuri tupu ili usisimbe kabisa: inaruhusiwa kwa misimbo ya mstari kwenye chaneli yenye ulinganifu, lakini kisimbuzi chenye tabia ya kuchagua 0 kila kinapokosa uhakika kitaonekana bingwa. Tumia biti nasibu mpaka utakapokiamini.

Rayleigh ndiyo sehemu ngumu, na hapa sitakulaumu. Anza na kile kisicho na msimbo, tena uhakikishe. Kizidishi h, yaani namba changamano ambayo chaneli inazidisha nayo kila alama, kina sehemu mbili za Gauss, kila moja ikiwa na variansi ya 1/2, ili wastani wa |h|² uwe 1. Ukizipa kila moja variansi ya 1 umejipatia dB 3 nyingine ya bure. Ikiwa sawa, BPSK itakupa 0.0233 kwenye dB 10 na 0.0025 kwenye dB 20. Linganisha na chaneli ya Gauss, ambako 0.001 inapatikana kabla ya dB 7. Kwenye Rayleigh kila unapoongeza dB 10 makosa yanapungua mara 10 tu, kwa sababu yanayokuua si kelele ya wastani bali ni zile nyakati chache mawimbi yanapofifia kabisa.

Sasa jiulize: ndani ya programu yako, h inabadilika kila baada ya muda gani? Kama unachora h moja kwa fremu nzima, msimbo hauna cha kufanya. Fremu ikiangukia kwenye shimo, biti zake zote zimo shimoni, na hakuna biti nzuri ya kuisaidia mbovu. Fremu isiyo shimoni ilikuwa ipite hata bila msimbo. Hivyo ndivyo mistari miwili inavyofanana. Lirudie lile jaribio la kurudia, sasa mara 2, kila nakala ikiwa na h yake. Kwenye Gauss halikuleta faida. Hapa, kwenye dB 20, makosa yanashuka kutoka 0.0025 hadi karibu 0.00007, kwa nishati ile ile. Nakala mbili zikitumia h moja, faida inarudi sifuri. Jaribio hilo moja litakueleza kuhusu chaneli yako mengi kuliko sura nzima ya nadharia.

Kinachotenganisha biti jirani ni kichanganyaji, ambacho nahisi hukukiweka. Cha kawaida ni jedwali: andika biti kwa safu za kulala, zisome kwa safu wima. Ukubwa wake unatokana na mwendo. Kipokezi kikienda kilomita 60 kwa saa kwenye mawimbi ya 2.4 GHz, masafa ya Doppler (badiliko la masafa linaloletwa na mwendo) ni kama Hz 133, na hali ya chaneli hudumu milisekunde 3 hivi. Ukituma biti milioni 1 kwa sekunde, hizo ni biti 3,000 zilizo katika hali moja. Ili biti mbili zilizokuwa jirani zitengane kwa umbali huo, jedwali linahitaji safu za kulala 3,000, na upana wa angalau biti 70 ili kufunika zile hatua 35 za Viterbi. Zidisha: biti 210,000, zaidi ya sekunde 0.2 za kusubiri. Kwa faili haijalishi, kwa mazungumzo ya sauti ni nyingi mno. Mtembea kwa miguu atahitaji jedwali kubwa mara kumi na zaidi, ndiyo maana mifumo ya sasa hutawanya biti kwenye masafa na antena mbalimbali badala ya kutegemea muda peke yake. Kwa tasnifu yako, chora kwanza hali bora kabisa, yaani h mpya kwa kila biti, halafu hali mbaya kabisa, h moja kwa fremu. Matokeo yenye kichanganyaji halisi yatakaa katikati, na msomaji ataona nafasi iliyopo.

Kosa la mwisho la Rayleigh limejificha vizuri. Ukipokea y, unagawa kwa h ili kurudisha alama mahali pake, kisha unaipeleka kwa Viterbi. Kwa uamuzi mgumu hakuna tatizo. Kwa uamuzi laini umeharibu: pale h ilipokuwa ndogo, kugawa kumekuza kelele, na kisimbuzi kinaona namba kubwa, kinadhani ni biti ya kuaminika. Zidisha tena kwa |h|² kabla ya kuikabidhi, au tangu mwanzo uzidishe y kwa kinyume-changamano cha h na usigawe kabisa. Viterbi haijali kipimo cha jumla cha namba hizo mradi uwiano baina yao uwe sahihi, lakini ukija kuhamia LDPC (aina nyingine ya misimbo) kwa kisimbuzi chake cha jumla-na-zao, kipimo nacho kinahesabika: kwenye chaneli ya Gauss kila sampuli izidishwe kwa 2/σ², na σ ni ile ile uliyokuwa unaichapisha.